Gesi ya kupikia katika safari ndefu: angalia mdomo wa mtungi kabla ya mtungi

Kazi yangu hapa Kampala ni kufunga majiko ya gesi katika magari ya kulala: Hiace zilizong'olewa viti, Coaster, Land Cruiser zenye hema juu, na mara kwa mara motahomu kubwa za wageni wanaoshuka kutoka Ulaya kuelekea Cape Town. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nibebe mtungi wa kilo ngapi ili unifikishe?" Huwa nalijibu kwa swali jingine. Mdomo wa mtungi wako ukoje, na ni nani mbele ya safari atakayeupokea ukiisha?

Gesi yenyewe haiadimiki. Uganda haina bahari, kwa hiyo gesi yetu huja kwa malori kutoka pwani ya Kenya na Tanzania, na njiani inauzwa karibu kila mji wenye kituo cha mafuta. Nairobi ipo, Mwanza ipo, Kigali ipo. Kinachomkwamisha msafiri ni kwamba ana mtungi mtupu ambao hakuna wakala wa kubadilishana naye, au amenunua mtungi mpya na regyuleta aliyonayo, kile kichwa kinachoshusha nguvu ya gesi ya mtungi, haiushiki.

Nianze na nyumbani. Hapa Uganda mtungi ni wa kampuni. Ukiwa na wa Total unaupeleka kwa wakala wa Total, wa Stabex kwa Stabex, na wakala wa upande mwingine kwa kawaida atakuangalia tu. Wakenya waliwahi kulishughulikia jambo hili kwa sheria: kanuni za mwaka 2009 zilitaka mitungi midogo ya nyumbani iwe na valvu ya aina moja, na kampuni zipokeane mitungi. Mwaka 2019 kanuni zilibadilika, na kupokeana kukawa kwa makubaliano kati ya kampuni zenyewe, lakini valvu za aina moja zimebaki na faida yake msafiri anaiona: regyuleta moja inamtosha kwa kampuni nyingi. Tanzania wana Oryx, Taifa Gas, Lake Gas na wengineo, na vipimo vyao ni kilo 6, 15 na 38. Sisi na Wakenya mtungi wa kati ni wa kilo 12 au 13. Kipimo kinachopatikana katika nchi zote tatu bila kuhangaika ni kilo 6.

Ndiyo maana mimi hufunga mitungi miwili ya kilo 6, sifungi mmoja wa kilo 13. Wa kwanza ukikata moto unajua umebaki na nusu kamili, na una siku nyingi za kutafuta wakala kwa utulivu. Tena duka dogo la Kyotera au la Kitgum huenda halina mtungi mkubwa, ila la kilo 6 litakuwa nalo. Ukikaribia mpaka nao, ni rahisi kupanga uvuke na mmoja mtupu na mwingine wa kukupikia siku mbili tatu za mwanzo ugenini.

Mtungi wa Uganda hautabadilishwa ng'ambo. Nilikuwapo Busia, upande wa Kenya, mteja wangu mmoja alipoujaribu. Kijana wa dukani aliuzungusha, akasoma maandishi, akasema kwa adabu, "Mzee, huu ni wa kwenu. Sisi tukiuchukua tutaupeleka wapi?" Alikuwa na haki. Njia nafuu ni kununua mtungi mmoja wa nchi unayoingia, kuutumia muda wote uliopo huko, kisha kuuza au kumwachia rafiki siku ya kutoka. Gharama ya chuma inauma, lakini igawe kwa wiki utakazokaa. Anayekaa Tanzania mwezi mzima asifikirie mara mbili. Anayepita Rwanda kwa siku nne avuke na akiba yake tu.

Usikubali kabisa kujaziwa mtungi wa kigeni kwa njia ya kumimina, ule mtindo wa kuupindua mtungi mkubwa juu ya mdogo nyuma ya duka. Gesi ya kupikia ndani ya mtungi ni kimiminika, na kimiminika hicho hutanuka kwa joto kupita maji kwa mbali sana. Kiwandani hujaza kwa mizani na kuacha karibu sehemu moja ya tano ya nafasi ikiwa tupu kwa ajili ya kutanuka huko. Anayemimina kwa makadirio hajui aliishia wapi. Sasa fikiria umejaziwa asubuhi ya baridi Kabale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, halafu mchana umeshuka Kasese na gari limesimama juani. Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi mtaa wa Embakasi uliua watu na kujeruhi mamia, na mamlaka ya nishati ilisema waliotaka kujaza gesi mahali pale walikuwa wamenyimwa kibali. Hapo ni kwenye eneo la kazi. Nyuma ya duka hakuna hata mizani.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hununua gesi kwa hofu badala ya kwa gramu.

Kilo moja ya gesi ina nishati ya kilowati-saa 13 na ushei. Plati moja ya kawaida ya jiko la gari, ikiwa wazi kabisa, inakula gramu 130 hivi kwa saa. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai ni gramu 15 hivi, ukifunika sufuria. Kupasha lita 10 za maji ya kuoga hadi yawe ya moto wa kuridhisha ni gramu 45 au 50. Watu wawili wanaokunywa chai asubuhi na kupika mlo mmoja wa maana jioni hawavuki gramu 200 kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unawatunza mwezi mmoja. Mwezi! Mtu aliyeniambia anataka kubeba kilo 26 kwenda Mombasa na kurudi nilimwomba kwanza aniambie anakwenda kufungua hoteli gani.

Hesabu hiyo inaharibiwa na friji. Motahomu nyingi za Ulaya zina friji inayotumia mwali wa gesi, na friji hiyo peke yake hula gramu 250 hadi 400 kila siku, umepika hujapika. Ongeza gramu 300 juu ya zile 200 za jikoni, na mtungi wa mwezi unakuwa wa siku 12. Na haifanyi kazi vizuri kwetu: joto la nje likipita nyuzi 32 inachoka, na gari likisimama pameinama inagoma. Ushauri wangu ni kuing'oa na kuweka friji ya kompresa ya volti 12 yenye betri na paneli za sola. Huku kwenye ikweta jua linapita karibu utosini mwaka mzima, hivyo paneli iliyolala bapa juu ya paa inavuna vizuri bila kuinuliwa wala kugeuzwa. Ukiiondoa friji kwenye gesi, tatizo la gesi limekwisha zaidi ya nusu.

Sehemu iliyobaki iko kwenye menyu. Matooke ya kuvukishwa ndani ya majani ya mgomba ni chakula cha heshima, lakini yanataka moto wa saa nyingi, na moto huo ni wa kuni au sigiri ya mkaa. Ndani ya gari pika katogo, yaani ndizi na kitoweo chake pamoja, sufuria moja, basi. Maharage yaloweke tangu asubuhi gari likitembea, kisha yapike kwenye sufuria ya presha. Sufuria hiyo si anasa ukiwa milimani. Maji huchemka kwa nyuzi pungufu moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Kabale au Kisoro yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, na maharage yanakaa motoni hadi ukate tamaa. Na asubuhi ya safari, rolex ya kando ya barabara, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, inaokoa gesi kuliko kifaa chochote nitakachokuuzia.

Kwa wanaokuja na magari kutoka Ulaya, au mnaonunua gari la mgeni aliyemaliza safari yake hapa, kuna jambo la kiufundi linalowapoteza mafundi wengi. Mtungi wa Kijerumani wa kilo 11 una uzi wa kushoto mdomoni. Mingi ya kwetu ni ya kubofya juu. Zile seti za adapta zinazouzwa Ulaya zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za Ulaya na hazitakusaidia Mbarara. Fundi asiye makini huchukua mtungi wa hapa, anaweka regyuleta ya hapa, kisha anaunganisha mpira kwenye regyuleta ya gari iliyofungwa ukutani. Moto unawaka lakini dhaifu, na oveni inazimika. Sababu ni kwamba regyuleta ya mtungini tayari imeshusha mgandamizo hadi milibaa 30 hivi, na ya ukutani ilijengwa kupokea gesi yenye nguvu ya mtungi, si hiyo iliyokwisha kupunguzwa. Hizo mbili hazifuatani. Gesi ya mtungi wa hapa iingizwe baada ya regyuleta ya ukutani, kwa kiungo cha njia tatu chenye koki yake, ili siku gari likirudi kwao unafunga koki moja na kufungua nyingine.

Soma pia kibandiko kilicho kwenye jiko au ndani ya sanduku la gesi. Magari ya Ulaya ya miaka ya karibuni ni ya milibaa 30, na hayo yanapatana na regyuleta zetu. Ya Kijerumani ya zamani mengi ni ya milibaa 50. Kwa hayo tafuta regyuleta yake mahsusi kabla hujaondoka, usimwambie fundi "apanue matundu" ya gesi kwenye jiko.

Ule mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha kupikia kilichofungwa juu yake moja kwa moja, ambao Wakenya wanauita meko, ni mzuri nje, chini ya mti. Ndani ya gari siutaki. Hauna regyuleta ya kushusha mgandamizo, mwali uko karibu na valvu, na sufuria ikiyumba mtungi mzima unayumba. Ondoa kichwa hicho, funga regyuleta inayoingia kwenye uzi wake, upeleke mpira kwenye jiko lililokazwa mezani.

Mahali pa mtungi ni sanduku lililotengwa na chumba cha kulala, lenye tundu sakafuni linalotoka nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kukaa, kama maji yanavyotafuta shimo. Kwa hiyo tundu la juu halikusaidii. Na kwetu tundu la chini huziba: ukitoka barabara za Karamoja wakati wa mvua, tope limejaa hapo na kukauka. Lizibue kila unapoosha gari. Mtungi usimame wima muda wote, kwa sababu ukilala kitakachoingia kwenye regyuleta ni kimiminika, na mwali utaruka.

Barabara za changarawe hulegeza nati kimyakimya. Baada ya kila kipande kibaya pakaa povu la sabuni kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regyuleta na kwenye ncha zote mbili za mpira, uangalie mapovu yanayokua. Usitumie kiberiti, hata kama binamu yako amefanya hivyo miaka yote. Tazama mwaka uliochapwa kwenye mpira; ukipita miaka mitano, badilisha. Beba vipuri vya bei ndogo: mpira wa ziada, klipu nne, na kile kiduara cha mpira kinachokaa kwenye mdomo, maana kinachakaa na hakiuzwi kila mahali.

Kujua kilichobaki, pima. Kwenye kola ya mtungi, ile pete ya chuma inayozunguka mdomo, kuna uzito wa chuma kitupu umechapwa, kwa kawaida baada ya herufi TW. Ning'iniza mtungi kwenye mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa kahawa, utoe uzito huo, na hiyo ndiyo gesi yako. Fanya hivyo hata dukani kabla ya kulipa, na mwenye duka asikasirike. Kama huna mizani, mimina maji ya moto kidogo ubavuni, kisha pitisha kiganja: pale baridi inapoanzia ndipo kimiminika kilipofikia.

Kuelekea Kidepo, badilisha mitungi Gulu au Kitgum, usitegemee kitakachokuwa Kaabong. Kwenda Kalangala kwa feri, funga valvu ya mtungi yenyewe kabla ya kupanda. Kuzima jiko peke yake hakutoshi. Usiku wa baridi Kisoro, mtungi unaokaribia kuisha unaweza kutoa mwali mdogo, kwa sababu gesi hii ni mchanganyiko: propani hutangulia kuondoka na butani inayobaki haipendi baridi. Unganisha ule uliojaa, na huo unaokaribia kuisha umalizie ukishashuka bondeni. Na baridi hiyo isikushawishi kuingiza sigiri ndani ya gari ili kupata joto, hata ukiacha dirisha wazi: kaboni monoksidi ya mkaa haina harufu, na usingizini hutaamka. Ongeza blanketi, na kengele ya kaboni monoksidi ifungwe karibu na kitanda, si jikoni.