Mgoa Hakuwa Mhindu

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kila Mhindi wa Afrika Mashariki ni Mhindu au Mwislamu, na kwamba pasipoti yake ya zamani ilikuwa ama ya Uingereza ama ya India. Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa katika pwani ya magharibi ya India, wanaivunja dhana hiyo. Kwa kuwa Goa ilitawaliwa na Ureno tangu 1510 hadi India ilipoitwaa Desemba 1961, wahamiaji wengi waliotoka huko kuja Zanzibar, Mombasa na Nairobi walikuwa Wakatoliki waliozungumza Kikonkani nyumbani, wakiwa raia wa Ureno katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Hata maneno yetu yanachanganya, kwani “Mhindi” ni mtu mwenye asili ya India, ilhali “Mhindu” ni mfuasi wa dini.

Wala utambulisho huo haukuwazuia kuwa Waafrika. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa na baba Mgoa na mama Mmaasai. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, alipigania uhuru wa Kenya, akauawa Februari 1965 akiwa mbunge.