Kwa nini Enterprise ni 1701

Kazi yangu ni kutengeneza maandishi ya kwenye runinga: majina ya wahusika, vibao vya maduka ya kuigizia, namba za magari. Kwa hiyo nikitazama Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, kabla Kapteni Kirk hajafungua mdomo, jicho langu limeshatua kwenye chombo chake cha anga, Enterprise, palipoandikwa NCC-1701.

Mwaka 1964, Gene Roddenberry alipoandika pendekezo la tamthilia hiyo, chombo kiliitwa Yorktown. Ilipoanza kurushwa 1966 kilikuwa kimeshakuwa Enterprise. Yote mawili ni majina ya manowari za Marekani za kubeba ndege. Yorktown ilizama kwenye vita vya Midway, 1942. Enterprise ilinusurika vita nzima, na nyingine ya jina hilo, ya nyuklia, ilikuwa imeanza kazi 1961. Ningekuwa mimi, ningechagua hiyohiyo.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye namba. Matt Jefferies, aliyekichora chombo, alikuwa rubani. Ndege za Marekani husajiliwa kwa herufi N, na zamani za biashara ziliandikwa NC. Akaongeza C moja, ikawa NCC. Kwenye tarakimu akazikwepa 3, 6, 8 na 9, maana kwa mbali huchanganyana. Jaribu mwenyewe: andika 8 na 3 kwa kalamu nene, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kisha kodoa. Sasa weka 1 na 7. Kwenye runinga za enzi zile, zilizojaa chenga, 1701 ilisomeka.

Mwaka 1967 wakahitaji chombo kilichobomolewa, Constellation. Wakachukua modeli ya plastiki ya Enterprise iliyokuwa ikiuzwa madukani, wakaiharibu, kisha wakapangua tarakimu za stika zake: 1017. Mashabiki wamebishana miaka na miaka kwa nini chombo cha aina ileile kina namba ndogo hivyo. Ni stika tu, jamani.

Mwaka uliofuata kwenye tamthilia kikatajwa chombo kingine, Potemkin, jina la manowari ya Kirusi, katikati ya Vita Baridi. Hilo halikutokea kwa bahati ya stika.

Mwaka 1976 mambo yakageuka. Chombo cha kwanza cha NASA, shirika la anga la Marekani, cha aina ya shuttle (cha kwenda anga za juu na kurudi) kilikuwa kiitwe Constitution. Mashabiki wakammiminia Rais Ford barua, kikaitwa Enterprise. Kilijaribiwa angani kwa kuachiwa kutoka mgongoni mwa ndege, kikashuka kwa kuelea. Anga za juu hakikufika: hakikuwa na injini za kukipeleka huko.