Endofini: mofini inayotengenezwa na mwili wenyewe

Mtu akiangushwa na bodaboda, mara nyingi hainuki akilia. Huinuka akatafuta ndala zake, akaokota simu, pengine akaanza kugombana na dereva. Inapita robo saa, kashakalishwa kivulini na kupewa maji, ndipo goti linaanza kuwaka moto. Jeraha ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi cha taarifa kinachoruhusiwa kupanda hadi ubongoni, na ruhusa hiyo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa endofini na jamaa zake. Ndiyo maana majeruhi anayesema “niko sawa” ndani ya saa ya kwanza apimwe kwa kuguswa na kutazamwa, si kwa kuulizwa tu.

Jina lenyewe limeunganishwa: “endo”, yaani ya ndani, na “mofini”, ile dawa kali ya maumivu inayotokana na utomvu wa afyuni (kasumba, kwa maana yake ya zamani). Dawa ya mmea ilijulikana kwanza, ya mwilini ikafuata. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi ambavyo mofini inaviingia kama ufunguo unavyoingia kufuli. Sasa binadamu ana kufuli za utomvu wa mmea kwa ajili gani? Bila shaka ana funguo zake mwenyewe. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, mjini Aberdeen, Uskoti, walizipata mbili katika bongo za nguruwe wakaziita enkefalini. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 5 tu. Mwaka uliofuata Choh Hao Li, huko California, alitambua beta-endofini, yenye asidi amino 31, na aliitoa kwenye tezi za pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) za ngamia.

Je, hii ni homoni? Ndiyo na hapana, na hapa ndipo maelezo mengi yanapokosea. Homoni ni kemikali inayomwagwa kwenye damu ikafanye kazi mbali na ilikotoka. Beta-endofini ya tezi ya pituitari inafanya hivyo, tena hukatwa kutoka protini moja na homoni inayoziamsha tezi za juu ya figo zitoe kotisoli wakati wa msukosuko. Lakini ile ya damuni haipenyi kirahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Inayotuliza maumivu hasa ni ile inayotolewa na neva humo humo ndani ya ubongo na uti wa mgongo, inayopita kutoka seli moja hadi jirani yake. Kwa hiyo kipimo cha endofini kwenye damu hakikuelezi sana kinachoendelea kichwani. Hata ule utulivu anaoupata mkimbiaji baada ya kilomita kadhaa, unaosifiwa kuwa ni wa endofini peke yake, una mkono wa kemikali nyingine za mwilini zinazofanana na za bangi. Hizo ni ndogo, zinayeyuka kwenye mafuta, na kizuizi kile hakizishindi.

Tuingie ndani ya njia yenyewe. Ukijikwaa kidole gumba, unaumia mara mbili: kwanza mchomo mkali, halafu, kama sekunde moja baadaye, maumivu mazito yanayovuma. Mchomo umeletwa na neva zenye ala (ganda la mafuta) nyembamba, zinazopeleka habari kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Uvumaji umeletwa na neva zisizo na ala, ambazo hazizidi mita 2. Zote zinaishia kwenye uti wa mgongo, na hapo neva inamwaga kemikali zake ili seli inayofuata ipokee na kupandisha habari juu.

Kwenye makutano hayo ndipo ubongo unaweka mkono wake. Katikati ya ubongo wa kati kuna eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa majimaji. Mwaka 1969 David Reynolds aliwapitishia panya umeme mdogo kwenye eneo hilo, kisha akawapasua tumbo bila dawa ya usingizi, nao hawakuonyesha maumivu. Amri hutoka hapo, hushuka kwenye shina la ubongo, hufika kwenye uti ikibebwa na serotonini na noradrenalini (kemikali ambazo neva hupashana habari kwazo), na enkefalini hutolewa papo hapo kwenye makutano. Enkefalini hufanya mambo mawili: humzuia mtumaji asimwage kemikali nyingi, na humfanya mpokeaji awe mgumu kuamshwa.

Ila njia hiyo hiyo inaweza pia kuongeza maumivu. Hatari ya ghafla huyazima. Wasiwasi wa kungoja huyakuza. Mtoto aliyepanga foleni ya sindano huku akisikia wenzake wakilia anaumia kuliko yule wa kwanza, wala hadanganyi. Kukosa usingizi nako kunashusha kiwango ambacho mwili unaanza kuita kitu “maumivu”.

Imani inapita njia hiyo pia. Mwaka 1978 Jon Levine na wenzake, San Francisco, waliwapa watu waliong’olewa magego dawa isiyo na kitu ndani. Baadhi walipata nafuu. Walipochomwa naloksoni, inayoziba vipokezi vya mofini, maumivu yakazidi. Nafuu ile ilikuwa na kemikali yake.

Ukishaijua njia, unaelewa kwa nini dawa hazifanani. Ibuprofeni inafanya kazi zaidi kule kwenye jeraha, ikipunguza kemikali za uvimbe. Mofini inaingia kwenye kufuli za endofini zenyewe. Tramadoli inagusa kufuli hizo na wakati huo huo inaongeza serotonini na noradrenalini. Amitriptilini, mara nyingi ikianzwa na miligramu 10 hadi 25 usiku, inasaidia miguu inayowaka kwa sababu ya kisukari. Wagonjwa wengi wanaitupa wakisoma kwenye karatasi kwamba ni dawa ya sonona, kisa daktari hakueleza. Tena inachukua wiki kadhaa, si siku mbili. Kuichanganya na tramadoli bila daktari kujua ni hatari: serotonini ikizidi mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na degedege linaweza kumshika.

Tatizo la kutumia funguo za nje kila siku ni kwamba kufuli zinazoea. Dozi ya jana haitoshi leo, na ikikatwa ghafla inakuja ile inayoitwa arosto mitaani: miayo, machozi, jasho, kuhara, mifupa kuuma. Njia ya kuongeza maumivu inafanya kazi bila breki. Methadoni, inayotolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011 kwa walioathirika na heroini, inakaa kwenye kufuli zile zile lakini taratibu, bila kupanda na kushuka.

Kufuli hizo zipo pia kwenye kituo cha kupumua, na kifo cha kuzidisha dozi kinatokea hapo. Naloksoni inaisukuma mofini itoke ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake yenyewe hudumu dakika 30 hadi 90 hivi. Aliyezinduka asiachwe aende zake, maana pumzi inaweza kuzama tena.

Kwa maumivu madogo ya kila siku, kusugua mahali palipogongwa kunasaidia, ingawa hiyo si kazi ya endofini hasa: neva za mguso zinawahi kufunga lango kwenye uti, kama Ronald Melzack na Patrick Wall walivyoeleza mwaka 1965. Kwa mtoto anayechanjwa, Shirika la Afya Duniani linashauri anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla. Mkalishe mwanao apakatwe, ashike titi vizuri na asikike akimeza, ndipo muuguzi achome. Usimwondoe mara sindano inapotoka.