Olimpiki Ikiisha, Nani Atalipa Bili ya Umeme?

Agosti 9, 2012, jijini London, David Rudisha alimaliza mita 800 kwa 1:40.91 na kuivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia. Ukienda kwenye uwanja ule leo siku ya mechi, pale alipokata kona utawakuta mashabiki wa West Ham wamekaa. Njia za riadha bado zipo, ila msimu wa soka hufunikwa na majukwaa ya viti yanayosogezwa. Kuyasogeza huko si kama kupanga viti vya harusi: ni mamilioni ya pauni, na anayelipa ni mwenye uwanja, yaani umma.

Mimi ni mhandisi wa miundo. Kazi yangu ni kupiga hesabu za vyuma na zege. Kila Olimpiki ikiisha naulizwa kwa nini viwanja vingine hugeuka magofu. Wengi hudhani ni uzembe wa baada ya michezo, kumbe mara nyingi tatizo lilishachorwa kwenye ramani miaka mingi nyuma.

Uwanja wa London ulijengwa kwa watu 80,000. Viti 25,000 vya chini vilikuwa vya kudumu. 55,000 vya juu vilikaa kwenye vyuma vyepesi ili vije kung'olewa. Paa lilikuwa jepesi pia, halikufunika viti vyote, na baadhi ya vyuma vyake yalikuwa mabomba ya gesi yaliyobaki kwenye mradi mwingine. Kwa jengo lililokusudiwa kupunguzwa, ule ulikuwa uhandisi safi kabisa. Shida ni kwamba mpango ukabadilika: ikaamuliwa ubaki mkubwa na soka lihamie humo. Soka la Ligi Kuu linataka shabiki asinyeshewe, na paa lile halikuundwa kubeba nyongeza ya namna hiyo. Likabomolewa. Minara 14 ya taa iliyosimama juu yake ikashushwa, na taa zikaja kuning'inizwa chini ya paa jipya. Ukarabati ulimeza pauni milioni 323, juu ya milioni 429 za ujenzi wa kwanza. West Ham waliingia 2016 kama wapangaji, kwa kodi ambayo mimi naiona ya kirafiki mno.

Sasa tembea dakika chache tu ndani ya Bustani ya Olimpiki, ulipo uwanja huo, hadi kwenye bwawa la kuogelea alilosanifu Zaha Hadid. Paa lake kubwa linashikiliwa kwenye ncha zake mbili, halitegemei kuta za pembeni. Kwa hiyo wakati wa michezo waliweza kubandika majukwaa mawili ya muda, kulia na kushoto, watu 17,500 wakaenea. Michezo ilipokwisha wakayabandua, wakaziba kwa vioo, vikabaki viti kama 2,500. Machi 2014 likafunguliwa kwa wananchi. Kinachonifurahisha zaidi ni sakafu ya bwawa: inapanda na kushuka, hivyo maji walimoshindana mabingwa hupunguzwa kina, na watoto wa mtaani wakajifunza humo kuogelea. Yaani mtumiaji wa pili, yule wa baada ya michezo, alijulikana tangu mwanzo.

Athens 2004 hakujulikana. Pale Hellinikon, uwanja wa ndege wa zamani, walijenga viwanja vya softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) na mto wa bandia wa mitumbwi, katika nchi ambayo softiboli haina wenyewe. Nyasi zikaota. Hata uwanja mkuu uliokuwa ukitumika ulifungwa 2023 kwa sababu za usalama wa paa. Chuma hutaka rangi, ukaguzi na fundi wa kupanda juu kila mara, na bajeti ya hayo haipigwi picha na waandishi.

Paris 2024 walikwepa mtego huo kwa kujenga kidogo: takriban asilimia 95 ya viwanja vilikuwepo tayari au vilikuwa vya muda. Voliboli ya ufukweni ilichezwa chini ya mnara wa Eiffel, kwenye majukwaa ya muda. Fainali zilipokwisha, mafundi walifungua bolti, wakapakia vyuma na kuondoka.