OCAP: takwimu za jamii ni mali ya nani?

Mtafiti akifika kijijini na dodoso lake huomba ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Unatia saini, unajibu, anaaga. OCAP ni kanuni inayosema saini hiyo haitoshi, kwa sababu taarifa zinazoihusu jamii nzima ni mali ya jamii hiyo.

Ilitungwa Kanada mwaka 1998 na watu wa Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa nchi hiyo. Miaka minne kabla yake, serikali ilianzisha tafiti tatu kubwa za kitaifa na kuwaacha nje wakazi wa maeneo yaliyotengewa wenyeji. Wao wakaandaa utafiti wao, wenye maswali yanayowagusa: nyumba moja inalala watu wangapi, kuta zina ukungu, watoto wanaongea lugha ya bibi zao, nani alipelekwa zile shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali.

Herufi zake nne, za maneno ya Kiingereza, zinasimamia umiliki, udhibiti, haki ya kuzifikia taarifa, na kuzishika. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Takwimu zikikaa kwenye kompyuta ya chuo kikuu cha mbali, hizo haki nyingine tatu hubaki za kuombwa kwa barua.

Wahavasupai wa Arizona, Marekani, wanalijua hilo. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Mwaka 2003 mwanamke wa kabila hilo alihudhuria utetezi wa tasnifu ya uzamivu chuoni hapo, akasikia damu ile ikitumiwa kwa mambo mengine kabisa. Ilikuwa imetumika pia kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na hata asili ya kabila, kwa majibu yaliyopinga simulizi zao kwamba chimbuko lao ni korongo wanamoishi. Kesi iliisha 2010: chuo kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli.

Kwetu Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamechunguzwa hadi bakteria wa matumboni, na kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, chombo cha serikali. OCAP ingeuliza swali la ziada: Wahadzabe wenyewe walikaa lini wakakubaliana, na matokeo yako wapi sasa?

Mwalimu anayekusanya hadithi za jamii naye anahusika. Baadhi ya jamii za Kanada zina hadithi zinazosimuliwa majira ya baridi tu; ukiichapa kitabuni ikasomwa Julai, ambayo kwao ni msimu wa joto, umevunja mwiko hata kama msimulizi alikuruhusu.

Nina shaka moja. Jamii ni nani? Baraza la machifu linaweza kuzuia takwimu za vipigo majumbani kwa kisingizio cha heshima ya kabila, na wanawake wanaopigwa ni jamii vilevile. OCAP inaiachia kila jamii iamue nani aisemee. Kwa hiyo mtafiti makini haishii kwenye barua ya chifu.