Kidonge si jina la kila dawa ngumu

Nimelisikia tena wiki hii: "Kikimshinda kumeza kisage tu, si kidonge?" Aliyeambiwa hivyo alikuwa anamhudumia baba yake mgonjwa, na aliyesema alisema kwa nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba kilichokuwa mkononi mwao kilikuwa kapsuli ya omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Natoa dawa kila siku, na neno hili kidonge limenipitia masikioni vibaya mara nyingi mno kiasi cha kunikalisha chini niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Dawa yenyewe ni ile kemikali inayotibu. Umbo la dawa ni jinsi ilivyotengenezwa ili ifike inakotakiwa: tembe, kapsuli, dawa ya maji, matone, marhamu, dawa ya kuvuta kwa pumzi, ya sindano. Njia ya kuitumia ni mlango inaoingilia: mdomoni, chini ya ulimi, jichoni, kwenye ngozi, njia ya haja kubwa, ukeni, kwenye msuli au mshipa. Dawa moja huweza kuwa na maumbo kadhaa. Parasetamoli ipo ya kumeza, ya maji, ya kuweka njia ya haja kubwa na ya kutundikiwa mshipani. Hapo hatugombani. Ninachogombana nacho ni kidonge.

Kidonge ni donge dogo. Na donge tunalijua: donge la uzi, donge la damu, donge la unga lililokataa kuyeyuka kwenye uji. Hata kinyongo tunakiita donge, kwa kuwa kinajikusanya kikakaa mahali pamoja. Sifa ya donge ni kwamba ndani yake na nje yake ni kitu kimoja. Livunje utakavyo, kila kipande ni kilekile, kimepungua ukubwa tu.

Kuna wakati jina hilo lilifaa sana. Watengenezaji dawa wa zamani walichanganya unga wa dawa na kitu cha kunata, mathalani asali au gundi ya mti, wakaukanda, kisha wakaviringisha punje mojamoja. Hivyo vilikuwa vidonge hasa. Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon, ambaye kwa kazi alikuwa mchoraji, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kushindilia unga ndani ya kalibu mpaka ushikane wenyewe. Hataza hiyo ilihusu dawa na pia grafiti ya kutengenezea penseli, vyote kwa pamoja. Dawa iliyoshindiliwa namna hiyo wenye fani huiita tembe, ingawa watu wengi husema kidonge, na hilo peke yake silikatazi. Unga ulioshindiliwa bado una udonge ndani yake.

Kapsuli haina. Ya jelatini ilipatiwa hataza Ufaransa mwaka 1834, na Mothes na Dublanc. Jina limetoka kwenye Kilatini, capsula, yaani capsa ndogo, na capsa ni kasha. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba hili kasha letu nalo lilitufikia kutoka kwa Wareno, kwenye neno lao caixa, ambalo mzazi wake ni capsa hiyohiyo. Kumbe kapsuli na kasha ni ndugu. Tungeiita kikasha tangu mwanzo, tungekuwa tumeipatia kwa Kiswahili safi, na huenda watu wangeshtuka kabla ya kuisaga.

Maana kasha lina nje na lina ndani, na nje ina kazi yake. Ile kapsuli ya omeprazole ukiifungua unakuta chembe ndogondogo za mviringo, na kila moja imevishwa ganda lake. Asidi ya tumbo huiharibu omeprazole, kwa hiyo ganda linaivusha salama hadi kwenye utumbo. Ukizisaga chembe zile, umemvua mlinzi silaha mlangoni kwa adui. Asiyeweza kumeza kapsuli nzima huweza kuelekezwa na mfamasia namna ya kuifungua na kuzimeza chembe bila kuzitafuna, na ndivyo alivyosaidiwa mzee yule.

Siku hizi hata tembe nyingi zimeacha kuwa madonge. Diclofenac, dawa ya maumivu, nayo huvishwa ganda la aina hiyo, lakini kwa sababu nyingine: hapa dawa haikingwi na tumbo, tumbo ndilo linalokingwa na dawa. Nifedipine ya kuachia taratibu, dawa ya shinikizo la damu, imetengenezwa itoke kidogokidogo kwa saa nyingi. Isage, na kiasi cha saa zote hizo kinaingia mwilini kwa mkupuo, shinikizo linaporomoka ghafla. Mgonjwa anaweza kuanguka kwa sababu mtu alimhurumia.

Kuna na kosa la pili, la njia. Mama mmoja alikuja dirishani na boksi la clotrimazole, dawa ya fangasi, akanirudishia kile kifaa chembamba cha plastiki kikiwa bado kwenye karatasi yake. "Mwanangu, hiki walinichanganyia, si changu." Kwingine alikopewa dawa aliambiwa maneno matatu tu, kidonge kimoja usiku, naye alikuwa amekwisha kumeza vitatu. Muwasho ulikuwa palepale. Dawa ilikuwa ya kuweka ukeni, na kifaa kile ndicho cha kuiwekea. Hakuna alichokosea mama yule. Kidonge, kwa masikio ya kila mtu, ni kitu cha kumeza. Nitroglycerin ya maumivu ya moyo hupatwa na hayohayo: huwekwa chini ya ulimi ikafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini ikimezwa, sehemu kubwa huishia kwenye ini kabla ya kuufikia moyo.

Simwombi mtu aache kusema kidonge. Naomba kapsuli iitwe kapsuli, na kidonge kisiachwe peke yake mtu anapoelekezwa. Kiswahili kinatupa nafasi ya kuongeza neno pale mbele bila taabu: kidonge cha kumeza kizima, cha kutafuna, cha kuyeyusha kwenye maji, cha chini ya ulimi, cha kuweka ukeni. Mama yule nilimwandikia hilo la mwisho juu ya boksi, kwa kalamu nene, akalisoma kwa sauti ya chini, kisha akakichukua tena kile kifaa akakitia mkobani.