Jino la Sita Huota Bila Hodi

Kabla sijamaliza kuvaa glavu, mama alikwisha mshika binti yake kidevu na kumfunua mdomo. "Hili hapa, daktari. Ling'oe tu, si la utoto? Litaota jingine."

Binti ana miaka 8, yuko darasa la pili. Walitoka Makorora alfajiri ili wawahi namba. Nikaingiza kioo. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu jeusi katikati, la kuweza kumeza punje ya mtama. Nikamwomba mama asogee karibu, nikampa tochi, tukahesabu pamoja kuanzia katikati ya mdomo kwenda nyuma. Moja, mbili, meno ya mbele. Tatu, chonge. Nne, tano, magego mawili ya utoto. Sita.

"Hilo la sita ni la ukubwani, mama. Tukiling'oa leo, ndiyo basi."

Akanyamaza, akaliangalia tena. "Mbona hakuna lililotoka pale?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike, maana nalisikia karibu kila wiki hapa Tanga, na wazazi hawana kosa. Meno ya utoto ni 20, matano kila robo ya mdomo. Kwa hiyo jino lolote linalosimama nafasi ya sita ni la kudumu, hata kama mtoto bado ana meno yote ya utoto mbele yake. Huota kwenye umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa, bila kusukuma jino lolote litoke. Jino la mbele likitikisika nyumba nzima inajua, na mtoto hulirusha juu ya bati kwa shangwe. Gego la sita huja kimyakimya. Mama anakuja kuliona siku linapouma, na kwa kuwa mtoto bado mdogo, anadhani ni la utoto.

Nalo huja katika wakati mbaya. Ngozi ngumu ya jino lililoota juzi haijakomaa, bado inaendelea kupokea madini kutoka kwenye mate. Juu yake kuna mifereji myembamba kiasi kwamba unywele wa mswaki hauingii. Huchukua miezi mingi kupanda hadi likutane na mwenzake wa juu, na muda wote huo liko chini kuliko majirani zake, mswaki unapita juu yake kama daladala inavyopita kituo. Tena ndiyo miaka ambayo nyumbani tunasema, "Keshakuwa mkubwa, anapiga mswaki mwenyewe." Hawezi. Mkono wa mtoto hauna ustadi huo mpaka afike miaka 7 au 8, na hata hapo inafaa umkague.

Kwa hiyo fanya hivi usiku, kabla hajalala. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee tumboni kwako. Vuta shavu kwa kidole uone mpaka nyuma. Mswaki usiuingize kwa mbele kama tulivyozoea, uingize kwa ubavuni mwa mdomo, ukilisugua lile gego la mwisho kwa upana, halafu ndipo uendelee na mengine. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze. Kwenye boksi tafuta namba ya floraidi kati ya 1000 na 1500, yenye herufi ppm. Mtoto wa miaka 3 kwenda juu anatosheka na kiasi cha punje ya choroko, aliye chini ya hapo kiasi cha punje ya mchele. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, ile floraidi ibaki ifanye kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa tunazozijua za malaria na kifua kikuu.

Wapo wanaoiogopa floraidi kwa kuwaona ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia. Hali ile hutokana na floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa, tangu meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Punje ya choroko inayotemwa ni jambo jingine kabisa.

Mswaki wa mti nao nauheshimu sana. Nina wazee wanaoutumia maisha yao yote na fizi zao zimeshika vizuri. Ila kijiti hakifiki nyuma ya mdomo wa mtoto wa miaka 6, wala hakimpatii floraidi ya kutosha.

Watu husema jino limeliwa na mdudu. Ni bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayolila jino. Kila mtoto anapoonja kitamu, asidi hushambulia kwa kama nusu saa hivi kabla mate hayajaituliza. Ndiyo maana mara ngapi inanitia wasiwasi kuliko kiasi gani. Mtoto anayekula kashata mbili baada ya wali, akamaliza, ameshambuliwa mara moja. Mwenzake anayetia ubuyu wa rangi shavuni tangu mapumziko, akanunua barafu njiani, nyumbani akanywa nusu kikombe cha chai yenye sukari, jino lake halijapumzika mchana kutwa. Chungwa la Muheza sikukatazi, mpe. Asipige tu mswaki papo hapo, asukutue kwa maji kwanza. Na Ramadhani, watoto wanaofunga wapige mswaki baada ya daku, wasirudi kulala na utamu mdomoni.

Ukimleta kwa daktari gego likiwa limeota vizuri na bado zima, tunaweza kuifunika ile mifereji kwa dawa ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Hakuna sindano, hakuna kuchonga, mtoto anatoka akitabasamu. Hata tundu dogo lisikutishe. Ipo mbinu ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayotoa floraidi kidogo kidogo. Mbinu hiyo leo inatumika duniani kote, nayo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Kila ninapoitumia najisikia fahari.

Tundu la binti wa Makorora lilikuwa halijafika kwenye mshipa. Nililikwangua taratibu, mama akimshika mkono, nikaliziba. Yale magego matatu mengine ya sita yalikuwa mazima, tukayafunika mifereji. Lile lenye tundu lingekuwa limeng'olewa, la nyuma yake lingekuja kuota likiinama kuelekea kwenye pengo, na la juu lingeshuka likitafuta mwenzake, mpaka mtoto atafune upande mmoja.

Miezi michache baadaye mama alirudi na mdogo wa yule binti, hajaanza hata darasa la kwanza. Hakusubiri nivae glavu.

"Daktari, nimehesabu jana usiku. La sita linachungulia."